Mwenyekiti ana sukari, na ni mimi peke yangu ninayejua

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Musoma, nina miaka 43, na ni mweka hazina wa kikundi cha marafiki tisa tuliosoma pamoja sekondari. Kwa miaka mingi tulikuwa tunakutana kwenye harusi na misiba tu. Mwaka juzi, tukiwa kwenye matanga ya mwenzetu, mmoja akauliza: hivi ni lazima mtu afe ndipo tuonane? Usiku ule ule likazaliwa wazo la kutembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kama alivyofanya Mwalimu Nyerere Oktoba 1967, alipotembea siku nane kuliunga mkono Azimio la Arusha. Tukakubaliana tuwe tunaingia Mwanza tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya kifo chake.

Mwaka jana tukatembea kweli. Wanaume watano, wanawake wanne, na gari moja aina ya Noah la kijana ambaye ni shemeji wa mmoja wetu. Gari lilibeba madumu ya maji, magodoro, sufuria mbili kubwa, jiko la gesi, mabegi yetu, na spika ya Mwenyekiti ambayo hakuna aliyeiomba. Usiku tulilala kwenye madarasa ya shule za msingi, mara moja parokiani. Mama, sijawahi kucheka kama nilivyocheka siku nne za kwanza.

Siku ya tano tulikuwa tumeshaipita Lamadi. Asubuhi ile gesi ilituishia, kwa hiyo tuliondoka bila chai. Baadhi yetu tulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni tukawa tunatafuna. Mwenyekiti alikataa, akasema mwanaume anafunga mkanda. Dereva akatangulia kutafuta gesi na chakula, na simu yake ikawa haipatikani. Ilipokaribia saa sita mchana Mwenyekiti akaanza kupepesuka. Akagombana na mtu wa baiskeli aliyempigia kengele tu. Akaniita mimi kwa jina la dada yake ambaye ni marehemu. Wenzetu wakacheka, wakasema, “Mwenyekiti alipitia kilabuni Lamadi, anatuficha.” Wakaendelea na safari.

Mimi nilimshika mkono nikakuta wa baridi, na shati limelowa chepechepe. Nikamkalisha chini ya mti. Kwenye mkoba nilikuwa na soda ya machungwa niliyoinunua kwa ajili yangu, nikampa akainywa yote. Baada ya kama robo saa akili ikamrudi, akaanza kulia. Akaniambia ana sukari, mwaka wa tatu sasa, anakunywa vidonge kila asubuhi, na hata mke wake anajua ni presha tu. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa.

Tulichelewa karibu saa nzima. Jioni utani ukaanza: Mwenyekiti na Mweka Hazina walikuwa wanakagua hesabu chini ya mti. Nilidhani utaishia pale, lakini mtu akaufikisha kwa mume wangu. Nikamwambia ni jua lilimpiga mwenzetu. Kwa hiyo nimemdanganya na mume wangu pia, kwa siri isiyo yangu.

Sasa mwaka huu. Mwenyekiti ameleta mapendekezo mawili. La kwanza, tutembee siku sita badala ya nane, tuonyeshe kwamba tumekomaa. La pili, mwaka jana watu wawili walipanda gari kwa vipande vya njia, kwa hiyo safari hii atakayepanda, hata kilomita moja, haruhusiwi kuvaa fulana ya kikundi siku ya kuingia Mwanza, na jina lake linafutwa kwenye orodha. Wote wamekubali. Mimi peke yangu sijajibu, na wanasema naogopa kwa sababu miguu yangu ni ya chaki.

Juu ya hayo, dereva amenipigia kwamba mwaka huu haji. Anasema mwaka jana alilala garini, alikula wa mwisho, na aliyelaumiwa maji yakipata moto ni yeye. Hakulipwa chochote zaidi ya mafuta. Ninajua ni kweli kwa sababu daftari ninalo mimi.

Mama, nivunje kiapo? Nijitoe kwenye safari nikae kimya? Au nimnong’oneze dereva tu, nimlipe, na maisha yaendelee? Nikifikiria kile kipande cha barabara baada ya Lamadi, usingizi unanikimbia.

Mweka Hazina, Musoma


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kinesi. Nimevaa gauni jeupe miaka 34 huku Kanda ya Ziwa, na tabia haiishi kwa kustaafu. Acha nikuonyeshe kilichotokea, maana umekiandika chote bila wewe mwenyewe kukiona.

Mwenyekiti alimeza vidonge vyake asubuhi. Hakula. Kisha akatembea juani mpaka karibu saa sita. Vipo vidonge vya sukari ambavyo kazi yake ni kuishusha tu, haviulizi kama mwenye mwili amekula. Kutembea nako kunaishusha, kwa sababu misuli inaila. Jumlisha vidonge, njaa na kilomita za asubuhi nzima, sukari itakwenda wapi kama si chini kabisa? Jasho, mikono ya baridi, kupepesuka, hasira zisizo na sababu, kumwita mtu jina la marehemu: huyo si mlevi, huyo ni mtu ambaye ubongo wake umekosa chakula. Nimewapokea wodini watu wa namna hiyo wakiwa wameletwa na mgambo kama walevi. Mmoja alikuwa amelazwa kwanza mahabusu usiku kucha. Sitakuambia mwisho wake.

Soda yako ilimwokoa. Nataka ulijue hilo kabla sijaanza kukugombeza.

Sasa nakugombeza. Kiapo kile ulimwapia nani? Mtu ambaye robo saa kabla hakukujua jina lako! Mimi siri za wagonjwa nimezibeba, nyingine nitazikwa nazo. Lakini hata sisi wodini siri haikuwa ya mtu mmoja. Aliyekuwa zamu ya usiku alimkabidhi wa asubuhi, kwa sababu mgonjwa hawezi kutegemea kwamba nesi mmoja hatasinzia. Wewe umekabidhiwa mgonjwa barabarani, peke yako, bila zamu ya kukupokea. Je, ukiwa mbele na yeye yuko nyuma? Ukiwa wewe ndiye umeugua siku hiyo?

Kwa hiyo kujitoa ukakaa kimya, futa. Ukijitoa unaondoka na ile soda, na wanaobaki naye ni watu saba wanaoamini kwamba Mwenyekiti akipepesuka amelewa.

Kumnong’oneza dereva kwa siri nako hakunipendezi, angalau si kwa kuanzia. Mtu mzima ana haki ya kuusema ugonjwa wake kwa mdomo wake. Mwendee kwanza yeye. Tena umwendee nyumbani kwake, mchana, mke wake akiwepo uani. Si kwa simu, wala si kwenye mgahawa, watu walishakuzulia ya chini ya mti na hakuna haja ya kuwapa ya pili. Na kabla hujatoka kwako, mwambie mume wako: nilikudanganya, halikuwa jua, ni ugonjwa wa mtu na nakwenda kuurudisha kwa mwenyewe. Usimtajie ni ugonjwa gani. Mume mwenye akili atakuelewa, na kama ana maswali akuulize wewe badala ya kuuliza kikundi.

Ukifika, usianze na pole. Wanaume wa aina ya Mwenyekiti ukiwaanzia na pole wanasimama. Mwambie hivi: “Kaka, mwaka jana nilikusaidia kwa bahati, kwa sababu nilikuwa na kiu nikanunua soda. Mwaka huu sitaki kutegemea kiu yangu. Naomba uwaambie watu wawili kabla ya kuondoka: dereva, na mmoja utakayetembea naye bega kwa bega. Usipowaambia, mimi nitamwambia dereva. Nakwambia leo ili usije ukasema nilikuzunguka.” Kisha nyamaza, hata akinuna. Mpe mpaka mwezi mmoja kabla ya safari, na tarehe itaje.

Akikataa mpaka mwisho, mwambie dereva. Mwambie yeye tu, na umwambie yanayomhusu: huyu ana sukari, akianza kuropoka mpe kitu kitamu. Na mke wa Mwenyekiti? Hapana. Hapo najua wasomaji wangu wengine watanirushia mawe. Mke ni haki yake kujua, na ningekuwa mimi ndiye mke ningekasirika mno. Lakini si kazi yako kupeleka habari kwenye chumba cha watu. Mkumbushe Mwenyekiti mara moja kwamba anayepika ndani ya ile nyumba anapika bila kujua anampikia nani, kisha uondoke.

Haya, kuna jambo jingine, na kwangu hili ni kubwa kuliko siri yenyewe. Ni ile kanuni ya fulana.

Nimejiuliza kwa nini mtu mwenye sukari, aliyezidiwa mwaka jana, aje mwaka huu na kanuni ya kumwadhibu anayepanda gari. Nadhani jibu unalo. Anajenga ukuta ili yeye mwenyewe asipate pa kutokea. Anajiogopa. Na wenzako saba wamempigia makofi bila kujua wanamfungia nani mlango. Siku atakapohisi mikono inatetemeka atalitazama gari, ataiwaza fulana, ataongeza hatua. Si yeye tu. Yupo mwenzenu mwenye goti, yupo ambaye siku zake zitaingia njiani akiwa na maumivu, yupo atakayeharisha. Wote hao mmewaambia: ugueni kimyakimya.

Mwalimu hakuwa anashindana na mtu. Alikwenda siku nane, naye alikuwa rais wa nchi mwenye kazi zinazomsubiri. Siku sita za nini? Wewe ni mwalimu, hata kama si wa hesabu, gawanya: zaidi ya kilomita 200 kwa siku nane ni kama 26 kwa siku. Kwa siku sita zinakuwa kama 35, na hizo ni za lami, mwezi wa kumi, watu wa miaka arobaini na kitu ambao mwaka mzima wamekaa ofisini. Kilomita zile tisa za nyongeza mtazitembea lini? Ama jua la saa nane, ama giza la saa mbili usiku. Ile barabara ya Mwanza na Musoma naijua, usiku si ya mtu wa miguu.

Na kama mnamuenzi Mwalimu basi mkumbukeni na Seti Benjamin. Mwaka ule ule wa 1967 vijana sehemu nyingi walitembea kuliunga mkono Azimio, na yeye, akitoka Arusha kuelekea Dar es Salaam, alifia njiani. Hilo lisomeni kwenye kikao kabla ya kupiga kura ya fulana. Halafu pigeni kura upya.

Badala ya kanuni yao wapelekee hii yangu. Kila mtu atapanda gari mara moja katika safari, awe amechoka au hajachoka, kwa zamu, kipande cha kilomita tano hivi. Akiwa ndani anamsaidia dereva: anahesabu watu wanaopita, anagawa maji, anaangalia nani anachechemea. Mwenyekiti awe wa kwanza kupanda, siku ya kwanza kabisa, akiwa mzima na spika yake. Baada ya hapo nani atamcheka nani?

Dereva sasa. Huyu kijana mmemkosea, na wewe ndiye mwenye daftari. Misafara ya zamani, ile ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliokuwa wakibeba mizigo kwenda na kurudi pwani, ilikuwa na kirangozi. Huyo ndiye aliyetangulia mbele, na mpagazi aliyempita alitozwa faini. Ninyi mmemchukua kirangozi wenu mkamfanya houseboy. Mlipeni kwa siku, bei mkubaliane kabla, na chakula chake kitoke cha kwanza kwa sababu asubuhi yeye ndiye atakayeshika usukani wakati ninyi mnaimba. Alale kwenye godoro, ndani ya darasa, si kwenye kiti cha Noah. Dereva asiyelala ni hatari kuliko chui.

Ukishamlipa ndipo una haki ya kumpa masharti. Gari lisifuate watu taratibu kwa nyuma na taa zikiwakawaka kama msafara wa harusi. Basi likija kwa kasi litaligonga, na likiligonga linawasukumia ninyi. Wala lisitangulie kilomita kumi na tano kutafuta gesi. Litangulie tatu au nne, litoke kabisa nje ya lami, lisubiri mpaka mtu wa mwisho apite, ndipo lisogee tena. Dereva ahesabu vichwa kila mara: tisa, tisa, tisa. Akihesabu wanane anarudi nyuma, haombi ruhusa ya mtu. Mambo ya gesi, mkaa na nyanya yanunuliwe jioni ya jana yake. Na akisema “wewe, panda”, unapanda. Mwenyekiti abaki mwenyekiti wa vikao, barabarani neno la mwisho ni la mwenye gari.

Ninyi wa miguu tembeeni upande wa kulia, magari yakija muyaone usoni, mstari mmoja, na vizibao vile vya kung’aa. Anzeni saa kumi na mbili asubuhi kukiwa kunapambazuka, mfike kivulini saa nne na nusu au saa tano, mlale, muondoke tena saa kumi jioni ikipoa. Isipokuwa kile kipande cha kati ya Bunda na Lamadi, kinachopakana na Serengeti pale kwenye lango la Ndabaka. Hapo msitoke mpaka jua liwe limechomoza vizuri, mtembee pamoja, gari lisiwe mbali, na muwaulize wenyeji kwanza kama tembo wameonekana usiku. Tembo wa upande wa Bunda wanajua njia ya mashamba kuliko ofisa kilimo. Taarifa ya safari mmeipeleka polisi? Ipelekeni mapema na kwa maandishi, kwa kila wilaya mtakayopita. Watu tisa waliovaa fulana za rangi moja wanaotembea barabarani na spika wanaweza kueleweka vibaya, hasa spika.

Nimerudi kwa mgonjwa wangu.

Kabla ya yote aende kliniki yake, awaambie ukweli: nataka kutembea kilomita 26 kwa siku, siku nane mfululizo. Watamwambia kama inafaa. Huenda wakampunguzia au kumbadilishia dawa kwa siku hizo. Asijipunguzie mwenyewe, na asije akaziacha kwa kusikia mimi nimesema zinashusha. Akipewa ruhusa anunue mashine ndogo ya kupimia kidoleni, apime asubuhi kabla ya kuondoka, apime katikati ya njia, na apime kabla ya kulala, maana sukari inaweza kushuka hata usiku baada ya kutwa ya kutembea. Asimeze kidonge kabla hajakiona chakula mbele yake. Gesi ikiisha anakula viporo. Mfukoni mwake, si garini, awe na glukosi au soda ndogo au hata sukari ya mezani kwenye karatasi. Ile michembe aliyoikataa aitafune njiani kama ninyi wengine. Michembe ni chakula cha safari tangu enzi za babu zetu, na mkanda hauliwi.

Mwenzake wa bega kwa bega ajue hivi: akianza kutetemeka au kuropoka, mpe kitu kitamu mara moja, ale na kitu cha kushiba baadaye, na hatembei tena mpaka apimwe. Akizimia, asimmiminie soda mdomoni hata tone, itaingia kwenye mapafu. Amlaze kwa ubavu na gari liende hospitali iliyo karibu. Bunda ipo, Magu ipo, na mkishafika Mwanza kuna Bugando.

Kisha miguu. Hapa nisamehe nitasema sana, kwa sababu nimefunga vidonda vya miguu vya wenye sukari mpaka harufu yake naijua kabla mgonjwa hajaingia mlangoni. Sukari ikikaa mwilini miaka inaua hisia za nyayo. Anapata ganzi, wengine wanasema wanahisi kama wanakanyaga pamba. Wewe ukipata lengelenge siku ya pili utalia, utatoa kiatu, utabandika plasta. Yeye hatalia. Atatembea juu ya lengelenge mpaka lipasuke, atatembea juu ya kidonda mpaka soksi inate, na usiku atakuwa anacheka na ninyi. Nakumbuka mzee mmoja, mfugaji, aliyetembea na msumari ndani ya kandambili kutwa nzima. Aliyeuona ni mjukuu wake. Tulimkata vidole viwili, baadaye tukakata na zaidi.

Kwa hiyo kila jioni anavua viatu na anakaguliwa kwa tochi, chini ya nyayo na katikati ya vidole. Asijikague peke yake. Na ili asione amebaguliwa, kaguaneni wote tisa, mkikaa mduara, kila mmoja na mguu wa mwenzake. Mtacheka sana, nakuhakikishia, miguu ya watu ni vituko. Mpakeni mafuta ya mgando nyayoni asubuhi kabla ya soksi, si katikati ya vidole. Soksi zibadilishwe mchana. Raba ziwe zimeshavaliwa miezi miwili, zisiwe mpya za kununulia safari, na kabla ya kuzivaa azigeuze azikung’ute. Asitembee pekupeku hata kwenda bafuni. Lengelenge lisitobolewe kwa ncha ya sindano ya kushonea, nawajua. Na akionekana ana kidonda, chochote kile, amemaliza kutembea kwa mwaka huu. Anaingia garini na anakaa humo mpaka Mwanza, na siku ya kuingia anashuka mlangoni mwa mji anavaa fulana yake kama wengine. Hili ndilo la kumwambia mapema akiwa bado mzima, kwa sababu siku ile hatasikia.

Umeniuliza kama uvunje kiapo. Mpaka hapo nadhani umeona kwamba siku ya tano ya mwaka jana ulikuwa na soda moja, na mwaka huu unaweza kuwa na dereva, mashine ya kupimia, mwenzake wa bega kwa bega na watu wanane wanaojua kukagua mguu. Kama yeye bado anataka ile soda moja, basi huyo hataki kufika Mwanza, anataka kitu kingine, na tiketi yake usiikate wewe.

Uniandikie amekujibu nini. Na kwa vile hazina ni yako, ukienda kuagiza fulana usiagize tisa. Agiza kumi, na ile ya kumi kabla hujalipia mpigie yule kijana umuulize anavaa saizi gani.